Kilo Mbili za Sukari



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tunawaandikia juu ya jambo lililotukaa moyoni tangu siku tulipomtembelea mzee mmoja wa parokia yetu, katekista mstaafu, ambaye wengi wenu aliwaandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Mzee huyu amekatwa mguu wa kulia, chini ya goti, kwa sababu ya ugonjwa wa kisukari. Tulikwenda pamoja na wanajumuiya wachache, tukasali naye, tukampatia Komunyo Takatifu, na kabla ya kuaga tukamkabidhi mama wa nyumba mfuko wa zawadi kama ilivyo desturi yetu. Ndani ya mfuko mlikuwa na mchele, sabuni na kilo mbili za sukari.

Mama aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akafungua kabati ili aihifadhi sukari ile. Tukaona mifuko mingine ya sukari imepangwa humo, mmoja juu ya mwingine. Yote ilikuwa imeletwa na watu wema waliokuja kumjulia hali mgonjwa wa kisukari. Mzee alituona tunavyotazama, akacheka, akasema, "Baba Paroko, nikipata nguvu nitafungua duka." Tulicheka naye. Lakini njiani wakati wa kurudi hakuna aliyekuwa na la kusema.

Tangu siku hiyo tumejiuliza: imekuwaje sukari ikawa ishara ya upendo wetu kiasi cha kutufunga macho? Tunampelekea mgonjwa, tunampelekea mfiwa, tunampelekea mama aliyejifungua. Mgeni asipopewa soda anahisi hakupokelewa. Hatuandiki ili kuilaani sukari, maana ni zao la ardhi na kazi ya mikono ya watu. Maoni yetu ni haya: utamu huu daima umekuwa na mlipaji wake, na mara nyingi sisi tunaoufurahia hatumtazami usoni. Zamani alilipa mtumwa. Leo analipa mzee wetu kwa mguu wake, na kesho watalipa watoto wetu tusipojirekebisha.

Neno sukari lenyewe limesafiri sana. Miwa ilianza kulimwa katika kisiwa cha New Guinea yapata miaka 10,000 iliyopita. Watu wa India ndio waliojifunza kuyachemsha maji ya miwa hadi yakawa punje kavu zinazohifadhika, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Jina walilolitumia, sharkara, likapita kwa Waajemi na Waarabu, likawa sukkar, na kwa njia ya pwani yetu likawa sukari.

Huko Ulaya, katika Zama za Kati, sukari ilikuwa adimu na ghali, ikauzwa pamoja na viungo na dawa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alijibu swali hili ndani ya kitabu chake kikuu, Summa Theologiae: je, anayekula dawa tamu za kulamba siku ya mfungo amevunja mfungo? Alijibu kwamba hakuuvunja, kwa kuwa dawa hizo huliwa hasa kwa ajili ya kusaidia tumbo kusaga chakula, wala si kwa ajili ya kushiba. Lakini akaongeza sharti: isipokuwa mtu akizila kwa wingi na kwa hila, akizifanya chakula. Katika sharti hilo tunaona hekima kubwa. Kitu kile kile chaweza kuwa dawa au hila, kutegemea kiasi na nia ya anayekitumia.

Kiasi ndicho kilichopotea. Mwaka 1493, katika safari yake ya pili, Christopher Columbus alipeleka miwa katika kisiwa cha Hispaniola, ambacho leo kina nchi za Haiti na Jamhuri ya Dominika. Kabla ya hapo Wareno walikwishaanza kilimo hicho katika visiwa vya Atlantiki kama Madeira, na baadaye wakakipanua São Tomé kwa nguvu za watumwa kutoka bara letu. Tukumbuke tabia ya muwa: ukishakatwa hauwezi kungoja. Usipokamuliwa upesi, maji yake huharibika. Kwa hiyo wakati wa mavuno kinu kilizunguka usiku na mchana, na watu waliochoka wakaendelea kulisha miwa katikati ya magogo yanayosaga. Katika mashamba ya Karibi shoka liliwekwa karibu na kinu, ili mkono wa mtumwa ukinaswa, ukatwe kabla mwili mzima haujavutwa ndani.

Kati ya karne ya 16 na karne ya 19, Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa katika meli za watumwa kuvuka Atlantiki, na karibu milioni 2 kati yao walifia safarini. Brazili peke yake ilipokea karibu milioni 5. Wengi wa waliofika walipelekwa katika nchi za miwa. Wakati huohuo, kule Uingereza, mtu mmoja aliyetumia wastani wa takriban kilo 2 za sukari kwa mwaka 1700 alitumia takriban kilo 8 kufikia mwaka 1800. Chai ilikolezwa vizuri, na aliyeinywa hakuliona shoka.

Wapendwa, tusimnyoshee kidole Mwingereza tu. Sisi watu wa Kanisa nasi tulikuwamo. Mdominikani Bartolomé de las Casas, aliyewatetea kwa ujasiri wenyeji wa Amerika, alipendekeza mwaka 1516 kwamba watumwa waletwe kutoka ng'ambo ili kuwapunguzia wenyeji mateso. Baadaye alitambua kwamba utumwa wa Waafrika ulikuwa dhuluma ileile, akaandika majuto yake waziwazi. Yapo pia mashirika ya kitawa, Wajesuiti wakiwemo, yaliyomiliki mashamba ya miwa na watumwa kule Brazili na Martinique. Tunayataja haya kwa huzuni, kwa sababu padre anayesema juu ya dhambi za historia akiruka za nyumbani kwake hastahili kusikilizwa.

Wala tusidhani kwamba hayo yalikuwa ya Atlantiki pekee. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa ambavyo leo tunaviita Mauritius na Réunion. Katika karne ya 19 visiwa hivyo viligeuka kuwa visiwa vya miwa. Na huku kwetu, katika bonde la mto Pangani, yalikuwapo mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, tunayemsoma shuleni kama kiongozi wa upinzani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, mwenyewe alikuwa na shamba la miwa huko.

Lipo jambo jingine ambalo Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki hatulijui. Mapadre na masista walioanzisha umisionari wa karne ya 19 katika pwani yetu, waliofika Unguja mwaka 1860, walitoka Réunion. Masista hao walikuwa wa shirika la Mabinti wa Maria, lililoanzishwa kisiwani humo mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kufutwa huko mwezi Desemba 1848. Yaani Injili ilitufikia ikitoka katika kisiwa cha sukari, ambako watu wa pwani hii walikuwa wamepelekwa kwa minyororo. Kila tunapoadhimisha historia ya imani yetu, inafaa na hilo tulikumbuke.

Je, mlaji wa kawaida angeweza kufanya nini mbele ya uovu mkubwa namna hiyo? Historia inatupa jibu. Mwaka 1791, Bunge la Uingereza lilipokataa kupiga marufuku biashara ya watumwa, mtu mmoja aitwaye William Fox alichapisha kijitabu akiwasihi watu waache sukari ya Karibi. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi nzima akipinga biashara hiyo, alikadiria kwamba watu wapatao 300,000 waliiacha. Wengi walikuwa wanawake, ambao hawakuwa na kura, lakini walikuwa na mamlaka juu ya meza ya chai. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku mwaka 1807, na sheria ya kufuta utumwa katika makoloni ikapitishwa mwaka 1833. Hatusemi kwamba birika la chai peke yake lilifanya hayo. Watumwa wenyewe walipigana, na wale wa Haiti walioinuka Agosti 1791 walijipatia taifa huru tarehe 1 Januari 1804. Lakini waliokataa sukari ile waliacha kushiriki. Hata hivyo, sheria ilipopita, paundi milioni 20 za fidia zilitengewa mabwana, na waliokuwa watumwa hawakupata hata senti.

Sasa tuje kwenye wakati wetu. Leo mlipaji yumo ndani ya nyumba, pengine ndani ya ngozi yetu. Tunapokula, chakula cha wanga na cha sukari hugeuka kuwa glukosi katika damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo unaoifungulia glukosi mlango wa kuingia katika seli. Wapo ambao mwili wao hautengenezi ufunguo huo, nao wanahitaji sindano za insulini ili waishi. Hii ni aina ya kwanza, na mgonjwa hana kosa lolote. Katika aina ya pili, iliyo ya kawaida zaidi, ufunguo upo lakini kitasa kimekuwa kigumu. Umri, urithi wa familia, uzito mkubwa na kutoshughulisha mwili vyote huchangia. Si kijiko kimoja cha sukari kinacholeta ugonjwa huu. Lakini imethibitika kwamba unywaji wa mara kwa mara wa vinywaji vyenye sukari huongeza uzito na huongeza hatari ya kuupata.

Glukosi ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya damu na neva: macho hufifia, figo hushindwa, miguu hupoteza hisia. Katekista wetu alichomwa na mwiba shambani na hakusikia maumivu. Alipouona mguu umevimba, kidonda kilikuwa kimekwisha kuoza. Hakujua kwamba ana kisukari hadi siku hiyo. Wala si yeye peke yake. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba watu wazima milioni 589 duniani walikuwa na ugonjwa huu mwaka 2024, na Afrika ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya wagonjwa wasiojijua: zaidi ya nusu yao.

Mtauliza: mbona hatukuonywa mapema? Hapa yapo mambo mawili ya kulinganisha. La kwanza ni la aibu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha barua za zamani zilizoonyesha kwamba katika miaka ya 1960 taasisi ya wazalishaji wa sukari wa Marekani iliwalipa wanasayansi wa Harvard dola 6,500 ili waandike mapitio ya tafiti za ugonjwa wa moyo. Mapitio hayo yalitoka mwaka 1967 katika jarida kubwa la kitabibu, yakiielekeza lawama kwenye mafuta na kuipunguza kwa sukari. Wakati huo jarida halikudai mwandishi ataje aliyemlipa, na mlipaji hakutajwa.

La pili ni la kutia moyo. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa nayo. Kabla ya hapo mtoto kama yeye alikuwa akingoja kifo tu. Wagunduzi wangeweza kuwa matajiri. Badala yake walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya ugunduzi huo kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isihodhiwe na mtu. Sayansi moja ilifichwa kwa ajili ya faida ya wachache, nyingine ikatolewa karibu bure kwa ajili ya uhai wa wengi. Tofauti haikuwa katika akili za watu hao, maana wote walikuwa wasomi. Tofauti ilikuwa katika jibu la swali: ninamtumikia nani?

Tuitendee haki pia sukari. Maji safi lita 1, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vikipimwa vizuri, vimeokoa watoto wengi wanaoharisha, kwa sababu glukosi husaidia utumbo kunyonya chumvi na maji. Mgonjwa anayetumia insulini, sukari ikishuka ghafla, huokolewa na kijiko cha sukari, na hapaswi kukosa kitu kitamu karibu naye. Zipo pia familia nyingi, Kilombero, Mtibwa na kwingineko, zinazosomesha watoto kwa miwa. Hatuwatakii njaa. Tunachokisema ni kile alichokisema Thoma wa Akwino: dawa ikiliwa kwa wingi kama chakula, imekuwa kitu kingine.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya chakula chetu, na ingefaa zaidi ikipungua hadi takriban gramu 25 kwa siku, yaani vijiko 6 vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina gramu 30 na zaidi. Kwa hiyo mtoto anayekunywa chupa moja katika sherehe ya Kipaimara amekwisha kupita kipimo hicho kabla ya keki na kabla ya chai ya jioni. Wazee walisema, mchovya asali hachovyi mara moja. Ulimi wa mtoto hufundishwa utamu kama unavyofundishwa sala.

Na mafundisho hayo huanza mapema. Uingereza iligawa sukari kwa mgao tangu wakati wa vita hadi Septemba 1953. Mwaka 2024 watafiti walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa watu waliotungwa mimba na kulelewa wakati wa mgao na wale waliokuja baada yake. Waliopata sukari kidogo tangu tumboni hadi karibu miaka miwili ya kwanza walikuwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili iliyo pungufu kwa takriban asilimia 35. Hawakuwa na dawa yoyote. Mama zao walipata sukari kidogo, basi.

Tunajua mtakavyotujibu, maana tayari tumeyasikia katika Halmashauri ya Walei: "Padre, soda ni heshima. Mgeni akipewa maji tu tutaonekana maskini." Tunaliheshimu neno hilo, kwa sababu ukarimu ni fadhila na umaskini una aibu yake. Lakini tujiulize, heshima hii ina umri gani? Bibi zetu walimpokea mgeni kwa maji ya mtungini, uji, ndizi, maziwa mgando, na hakuna aliyewaita wachoyo. Kreti ya soda imekuja juzi tu, nasi tayari tunaitetea kama mapokeo ya mababu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, na tunaanza nayo sisi wenyewe hapa nyumba ya mapadre.

Kwanza, tunapomtembelea mgonjwa, tuulize kwanza anaruhusiwa kula nini. Maharage, mayai, mboga, matunda ya kiasi, au fedha kidogo ya nauli ya kliniki vinafaa kuliko sukari.

Pili, katika mikutano ya jumuiya, chai isipikwe na sukari ndani ya sufuria. Sukari iwekwe mezani, kila mtu ajipimie. Anayeumwa asilazimike kujieleza mbele ya watu wala kunywa kwa kuona haya.

Tatu, katika sherehe za parokia maji safi ya kunywa yatangulie na yawe ya kutosha kwa wote. Atakayetaka soda hatazuiwa. Na walimu wa Utoto Mtakatifu tunawaomba waache kuwazawadia watoto pipi kwa kujibu maswali vizuri.

Nne, tumewaomba akina mama wa WAWATA, ambao nao wana mamlaka juu ya meza ya chai, wasaidiane na wauguzi waumini wa parokia yetu kupanga Dominika moja ya kupima sukari baada ya Misa zote. Tafadhali msikimbie. Ni tone moja la damu, na lingeweza kuuokoa mguu mmoja tunaoujua.

Tulirudi kwa mzee wetu juma lililopita. Safari hii tulibeba maharage na mchicha, tukamwomba radhi kwa zile kilo mbili. Alitusikiliza, kisha akasema hakukasirika hata kidogo, kwa sababu watu humletea mtu kile wanachokiona kuwa kizuri. "Ila Baba Paroko," akaongeza, "kaa kidogo leo. Siku ile mliharakisha." Tukakaa. Alitusimulia habari za kigango kilipokuwa cha nyasi, hadi jua likazama.

Tunawatakia Dominika njema na familia zenu.

Paroko wenu